Wasomaji Wanauliza: Mawe na visukuku vya Unguja na Pemba

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa wazazi na walimu wanaotaka kutoka na watoto kwenda kutafuta mawe na visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika ndani ya mwamba. Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na msomaji mwingine.

Watoto wanataka mifupa ya dinosaria

*Assalamu alaykum. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Wameona kwenye televisheni watu wakichimba mifupa ya dinosaria, na sasa kila siku ya mapumziko wananiganda twende tukachimbe. Hapa Unguja tutapata nini? Au niwaambie ukweli, wasubiri mpaka wakue?* — Mama Swabra, Mwanakwerekwe

Waalaykumu salaam, Mama Swabra. Ukweli waambie, lakini kusubiri hakuna haja. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mawe yanayoonekana juu ya ardhi ya Unguja na Pemba ni machanga kuliko hapo. Ya zamani zaidi ni ya kipindi cha Miosini, baina ya miaka milioni 23 na milioni 5 iliyopita. Kwa hiyo hapa mfupa wa dinosaria hautoki hata mchimbe vipi. Mifupa hiyo ipo bara, kusini, kwenye kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, ambako Wajerumani waliendesha uchimbaji mkubwa kati ya 1909 na 1913. Waliochimba kwa mikono walikuwa wenyeji, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa *Australodocus bohetii* kwa heshima yake. Mkubwa wa dinosaria hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake mita 13.27. Wasimulie wanao habari hiyo kwa majina na miaka yake, wajue kwamba watu wa kwao wamo katika elimu hii tangu zamani.

Mlichonacho nyinyi ni bahari ya kale. Sehemu kubwa ya mwamba wa pwani ya mashariki na kusini, kuanzia Michamvi kushuka Paje, Jambiani na Makunduchi mpaka Kizimkazi, ni matumbawe. Mengi yalikuwa hai kama miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Maji yaliposhuka, mwamba ulibaki nchi kavu. Lile jiwe la uwanda ambalo mkulima analilalamikia na fundi analijengea nyumba, ndilo kisukuku chenyewe.

Anzeni bila kuchimba. Chukueni chupa ya maji na brashi ya rangi. Pangusa vumbi kwenye jiwe, limwagie maji, kisha lisogelee. Jiwe kavu ni kijivu tupu. Likirowa, michoro hutokea. Nendeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, maana jua la ubavuni hutia kivuli ndani ya kila kishimo, na la utosini hufuta kila kitu.

Mifereji inayojipinda bila kukatika ni tumbawe la ubongo. Viduara vyenye mistari inayokutana katikati, kila kimoja milimita 5 hadi 10, ni tumbawe la nyota. Jiwe zito lenye vitundu vya milimita moja tu, vimebanana, ni tumbawe liitwalo porites. Miduara ya unene wa kidole iliyotawanyika ovyo ni matawi ya tumbawe la akropora yaliyokatika kwa upana. Baina ya hayo mtaona makombe, na hapo ndipo watoto wengi huvunjika moyo, kwa sababu badala ya kombe hukuta tundu lenye umbo la kombe. Hakuna aliyeling'oa. Maganda mengi ya konokono na kombe ni ya aina ya chokaa inayoyeyuka upesi kwa maji ya mvua: ganda limekwisha, umbo limebaki. Chaza hustahimili kwa kuwa ganda lake ni la aina nyingine ya chokaa, inayochelewa kuyeyuka. Lile kombe kubwa lenye mikunjo ya mawimbi husalia kwa unene wake. Kisiwani Chumbe yanaonekana yamekaa ndani ya mwamba kando ya njia ya msituni. Pale ni hifadhi, mnatazama na kuacha.

Kwa yule wa miaka 7, na hasa siku ya mvua, tunapendekeza Mji Mkongwe. Popote plasta ilipobanduka, jiwe la ukuta ni tumbawe. Mpe daftari achore kila aina anayoiona, ahesabu ngapi kabla ya adhuhuri. Kuta hizo hazikwaruzwi wala hazisuguliwi kwa karatasi na rangi. Macho na simu vinatosha. Mkifika Kizimkazi Dimbani, utazameni na mihrabu wa msikiti wenye maandishi ya Kikufi, khati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mawe ya kuchongwa namna ile ni porites iliyokatwa baharini ikiwa bichi na laini, kwa hiyo si kisukuku, lakini ukishaijua pale utaitambua popote.

Tulifika, maji yamejaa

*Tulikodi gari kwenda Makunduchi na watoto watatu. Tulifika saa tisa alasiri, siku ya pili ya mwezi mwandamo, tukakuta maji yameshafika kwenye mwamba. Tumerudi mikono mitupu. Twende lini, na tuchukue nini?* — Baba Khamis, Fuoni

Safari hii hupangwa kwa maji kwanza, Baba Khamis, gari baadaye. Kalenda ya Kiislamu iliyopo ukutani inakutosha. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na huwa kubwa zaidi siku moja au mbili baadaye. Hesabu tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17. Siku hizo maji ya Unguja hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi alasiri. Ndiyo maana saa tisa mlikuta hapana pa kukanyaga. Kila siku inayofuata, wakati wa kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kuanzia tarehe 7 mpaka 9, na 22 mpaka 24, ni maji mafu, hayapwi vya kutosha kuacha wazi miguu ya mwamba. Siku hizo fanyeni kazi za juu, nchi kavu.

Anzeni kazi saa mbili kabla ya kupwa, na mgeuke kurudi si zaidi ya saa moja baada yake, hata kama mmekuta kitu kizuri. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa mpando wote sehemu 12, saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya Zanzibar hufika tofauti ya mita 4 baina ya kupwa na kujaa. Basi saa ya tatu peke yake ni mita nzima, ambayo ni kimo cha mtoto wa miaka minne. Tena pwani ya mashariki maji hayaji kutoka mbele tu. Huingia kwa milango ya mwamba na kujaza mabonde yaliyo baina yenu na ufukwe, mkawa mmesimama pakavu na njia ya kurudi imeshakatika. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kutazama saa, asishike nyundo.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli nene. Ndala hazifai kabisa. Jiwe la uwanda hukata, na ndala ikichomoka kwenye utelezi wa mwani mtu huanguka kwa mikono. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa mtu mzima na lita moja kwa mtoto kwa asubuhi moja. Kofia, glavu za kazi, gazeti la kufungia, kalamu isiyofutika kwa maji, na mifuko midogo.

Msikae kupumzika kwenye kivuli chini ya mwamba ulioliwa na mawimbi. Mahali hapo ndipo panapovutia kuliko pote, pana ubaridi na pana visukuku usawa wa macho, na ndipo panapoanguka. Mawimbi hula chini, juu hubaki pameinama bila nguzo, na siku ya kuporomoka haitoi taarifa. Okoteni vilivyokwisha kuanguka mbele yake, mkitazama juu kabla ya kusogea. Septemba na Oktoba, kusi ikishapoa, vipande vipya huwa vingi na bahari imetulia.

Kwenye vidimbwi, mtoto asiokote konokono wa umbo la pia mwenye mapambo ya kahawia, hata akiona haendi. Wapo wenye sumu ya kuua mtu. Akichomwa na samaki anayejifanya jiwe, chovya mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, huku safari ya hospitali imeshaanza.

Chuma kiliruka

*Nilitumia nyundo ya seremala na tindo kumtolea mwanangu kombe kwenye jiwe. Kipande cha chuma kiliruka kikamchana shavu, karibu na jicho. Na kombe lenyewe lilipasuka katikati. Kosa liko wapi?* — M.J., Chwaka

Kosa la kwanza ni nyundo. Uso wa nyundo ya seremala umefanywa mgumu kwa ajili ya kupiga msumari laini. Ukiupiga juu ya tindo, ambayo nayo ni ngumu, kimoja humeguka, na kipande hutoka kwa kasi. Tumia nyundo ya mwashi, ya kilo 1 kwa mtu mzima na ya gramu 500 kwa mtoto wa miaka 10 na zaidi. Tindo ya sentimita 20 hadi 25, mdomo wa sentimita 2. Kichwa cha tindo kikishapigwa sana hutanuka na kufanya kingo zilizopasuka. Zisage kwa tupa kabla ya kila safari, kwani kingo hizo ndizo zinazoruka. Usipige kamwe nyundo kwa nyundo. Miwani ya kinga avae anayepiga na kila aliye ndani ya mita 3, na mtoto mdogo asimame nyuma ya anayepiga, si ubavuni.

Kosa la pili ni kuanza karibu mno. Kabla ya yote, ligonge jiwe kidogo usikie. Likilia sauti kali ni zima; likitoa sauti nzito lina ufa, nalo litapasukia kwenye ufa wake, si pale unapotaka. Piga mstari kulizunguka kombe, sentimita 5 kutoka ukingoni. Tindo iinamishwe kuelekea nje, hivyo nguvu iende mbali na kisukuku. Mapigo mengi mepesi, mkizunguka mstari mzima tena na tena, mpaka mfereji uwe na kina cha sentimita 5 hivi. Ndipo mwingie kwa chini. Wengi hufika hapo wakachoka, wakachomeka tindo na kubinua. Chokaa haibinuliwi: hukatika mahali palipo dhaifu, na palipo dhaifu ni lile kombe. Bora mtoe pande kubwa, mkalimalize nyumbani kwa msumari na mswaki.

Hayo yote ni kwa mawe yaliyoanguka au yaliyotupwa pembeni ya machimbo, kwa ruhusa ya mwenye machimbo na baada ya kumjulisha sheha. Mwamba uliosimama msiutoboe. Tunalisisitiza hili kwa sababu tundu la nyundo kwenye mwamba wa pwani linabaki miaka na miaka, na aliyekuja baada yenu hukuta uso wa jiwe umeharibika kwa ajili ya kombe moja ambalo aghlabu lilivunjika wakati wa kutolewa.

Badala yake toeni nakala. Safisha kisukuku kwa brashi kavu, kipake mafuta ya nazi kidogo sana, bandika udongo wa kuchezea wa unene wa sentimita 2, bonyeza kutoka katikati kwenda nje, kisha uubandue taratibu. Umbo litakuwa limekaa ndani yake. Mkirudi nyumbani zungushia ukuta wa udongo, koroga plasta nyeupe ya kuchongea kwa kipimo cha vikombe 2 vya unga kwa kikombe 1 cha maji. Unga ndio uingizwe kwenye maji, si kinyume chake, ama sivyo utapata madonge. Mimina kidogo kwanza, gongagonga meza ili mapovu yapande, kisha jaza. Baada ya dakika 30 bandua, acha ikauke mpaka kesho. Plasta ikitoka inamung'unyuka, maji yalizidi. Ikigandia kwenye chombo kabla ya kumiminwa, ama mmekoroga muda mrefu, ama mmetumia maji ya bahari. Chumvi huharakisha kuganda.

Pemba tunachimba udongo tu

*Mimi ni mwalimu, nina kikundi cha wanafunzi 20. Huku kwetu si matumbawe kama Unguja. Ni udongo, mchanga, na vijiwe vyeupe na vyeusi. Kuna la kufundisha?* — Mwalimu, Wete

Mwalimu, lipo la muhula mzima. Sehemu kubwa ya Pemba ni mchanga na udongo wa Miosini, ulioletwa na mito ya kale kutoka bara na kutua baharini. Matumbawe yapo pembezoni, kama Ras Kigomasha. Vijiwe vyeupe vilivyolainika ni kwatzi, na safari yake kutoka milima ya bara mpaka shambani Wete ndiyo iliyovisugua. Vyeusi na vya kahawia vilivyo vizito ni madonge ya oksidi ya chuma.

Watoto wasiambiwe hayo, wayapate wenyewe. Kila kikundi cha watu wanne kipewe siki kijiko kimoja, msumari wa chuma, kipande cha kioo kilichobandikwa kingo zake kwa utepe, na kigae cha sakafuni. Wakwaruze jiwe kidogo kwa msumari, wadondoshee siki tone moja juu ya unga uliotoka, wasubiri nusu dakika wakitazama kwa kioo cha kukuzia. Mapovu maana yake ni chokaa: asidi inatoa gesi ya kaboni dioksidi. Siki ni asidi dhaifu, ndiyo sababu ya kukwaruza kwanza. Juu ya jiwe zima mapovu hayaonekani na mtoto huandika jibu lisilo sahihi. Ndimu pia inafaa. Makosa mengine hutokea jiwe lisipooshwa, kwa sababu chembe za makombe zilizogandia juu yake ndizo zinazotoa mapovu, si jiwe.

Kisha walisugue kwenye kioo. Kwatzi huchora kioo, chokaa haichori. Alama lazima ifutwe kwa kidole kilichorowa: ikitoka, ulikuwa unga wa jiwe, ikibaki, ni mchoro. Mwisho, jiwe jeusi lisuguliwe nyuma ya kigae, upande usio na rangi. Likiacha mstari wa kahawia au mwekundu, ni oksidi ya chuma hata kama kwa nje ni jeusi tii. Mstari huo huwashangaza kuliko jaribio jingine lolote, basi uacheni uwe wa mwisho.

Mahali pa kutazama matabaka ni kwenye kata za ardhi, yaani kingo za udongo uliokatwa, siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukishaganda. Msichimbe kuingia ndani ya ukuta wa udongo, hata mita moja, hufukia. Kata za kando ya barabara kuu ziacheni kwa sababu ya magari.

Siku moja wapelekeni ufukweni na chekeche lenye matundu ya kama milimita moja. Mchanga uliobaki juu muusambaze kwenye sahani nyeusi. Kwa kioo cha kukuza mara 10 wataona visahani bapa na vidonge vidogo: ni maganda ya viumbe vya seli moja viitwavyo foraminifera. Jamaa zao wa kale wamejaa katika mawe ya Miosini ya visiwa hivi, na wataalamu hupima umri wa tabaka kwa kutazama ni aina zipi zimo. Vijichupa vya dawa vilivyooshwa vinatosha kuhifadhia.

Unga mweupe juu ya makombe

*Tumeweka makombe na mawe ya watoto kwenye kabati jipya la mbao za kubandikwa. Miezi michache tu, yamefanya unga mweupe, na ukifungua mlango kuna harufu kama ya siki. Ni ukungu?* — Bi Z., Malindi

Si ukungu, Bi Z. Mbao, hasa za kubandikwa kwa gundi, hutoa mvuke wa asidi. Katika hewa yetu yenye unyevu mvuke huo hula chokaa, na chumvi inayozaliwa hutokea juu kama unga. Dawa ya ukungu haitosaidia. Toa vyote. Vioshe, viloweke maji baridi siku mbili ukibadilisha maji asubuhi na jioni, vianike kivulini siku tatu. Usipake mafuta. Vihamishie kwenye vyombo vya plastiki vya chakula vyenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Kabati litumie kwa vitabu.

Huenda na chumvi ya bahari imechangia. Kila kilichookotwa pwani, kisukuku au kombe, kinatakiwa kulowekwa maji yasiyo na chumvi kwa wiki nzima, maji yakibadilishwa kila siku. Usipofanya hivyo chumvi hukauka ndani ya vitundu, hukua fuwele, na uso wa jiwe huchambuka kwa matabaka. Siki isitumike kusafishia. Kisukuku chenyewe ni chokaa, kitaondoka pamoja na uchafu. Dawa ya kung'arishia nguo pia hapana. Mswaki, msumari na subira.

Na kwa kuwa umeshavitoa vyote, vitie namba leo hii. Doa dogo la korekta mahali pasipoonekana, namba kwa wino mweusi, juu yake rangi ya kucha isiyo na rangi. Katika daftari, mbele ya namba hiyo, andika tarehe, kijiji, mahali hasa kilipookotwa, urefu wake kutoka usawa wa maji yaliyojaa, kilikuwa ndani ya mwamba au kimeanguka, na nani aliyekiona. Simu itakupa vipimo vya mahali. Hili ndilo jambo tunalolithamini kuliko nyundo na tindo zote. Kombe zuri lisilojulikana limetoka wapi ni pambo la kabatini. Kombe lililovunjika lenye mstari mmoja wa maelezo linaweza kumwambia mtaalamu bahari ilifika wapi. Watoto huandika vizuri wakiandika palepale. Jioni nyumbani kila kitu kimeshachanganyika.

Vigae na shanga za kale

*Shambani kwetu Unguja Ukuu baada ya mvua hutokea vigae vya vyungu, vingine vya rangi ya buluu, na shanga. Watoto wanaviokota. Wanaweza kuanza mkusanyo?* — Kijana wa Unguja Ukuu

Hapana. Hivyo ni mambo ya kale ya watu, na sheria inavilinda. Bandari ya Unguja Ukuu ilikuwa ikifanya biashara ya mbali zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kila kigae kina thamani kikiwa mahali pake. Mkiona, pigeni picha na kitu cha kulinganisha ukubwa, wekeni alama, mpeni habari sheha na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Msichimbe kutafuta vingine.

Sheria hiyohiyo ya adabu inakwenda na mapango. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, watafiti wamekuta mifupa ya pundamilia, mnyama asiyekuwepo Unguja leo, aliyefika wakati kisiwa kilipokuwa kimeungana na bara kwa sababu bahari ilikuwa chini. Mfupa mmoja ukiondolewa na mtoto, ushahidi wa namna hiyo umekatika. Mapango mengi pia ni mahali pa ibada za wenyeji. Ingieni kwa idhini na mwenyeji wenu, na michirizi ya mawe inayoning'inia msiivunje.

Jiwe linaloelea

*Binti yangu ameokota Nungwi jiwe la kijivu, jepesi, likitiwa kwenye ndoo linaelea. Ni jiwe kweli?* — Mama Ilham, Mkokotoni

Ni jiwe kweli. Linaitwa pumisi, ni povu la volkano lililoganda, nalo limekuja kwa maji kwa sababu Unguja haina volkano. Krakatau ya Indonesia ilipolipuka Agosti 1883, pumisi yake ilivuka Bahari ya Hindi na kufika mwambao wa Afrika Mashariki mwaka uliofuata. La binti yako si lazima liwe la mlipuko ule. Litazameni kama lina viganda vya wanyama wa baharini vilivyogandia. Hiyo ni dalili kwamba limeelea muda mrefu. Jiwe jeusi la vitundu linalozama huenda ni masalio ya makaa ya meli za mvuke.

Kaharabu ya babu

*Marehemu babu aliacha donge la manjano, linapitisha mwanga, ukubwa wa ndimu. Ndani mna mdudu. Mtu kaniambia ni kaharabu ya mamilioni ya miaka. Nitajuaje, na watoto wanaweza kulisugua ling'are?* — S.A., Chake Chake

Kwa pwani hii, dhana ya kwanza ni sandarusi, utomvu wa mti wa msandarusi. Karne ya 19 ilichimbwa ardhini katika mwambao wa bara na kupitia Unguja kwenda Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Umri wake hufika mamia au maelfu ya miaka; kaharabu ya Baltiki, nayo ni utomvu uliogeuka jiwe, ni ya mamilioni. Mdudu hathibitishi chochote, kwani sandarusi nayo hunasa wadudu.

Anza na chumvi. Koroga vijiko 8 vya chai katika mililita 250 za maji mpaka iyeyuke yote. Donge likizama ni kioo au plastiki nzito. Likielea, endelea, kwa sababu zipo plastiki zinazoelea pia. Lisuuze. Upande wa chini, mahali pasipoonekana, dondosha tone moja la spiriti, subiri sekunde 10, gusa kwa kidole. Ikinata na kuacha alama ya kidole, ni sandarusi. Isiponata, bado usitangaze kaharabu: sandarusi iliyokaa ardhini muda mrefu ni ngumu na huivumilia spiriti zaidi. Tazama ngozi yake. Ile ya ardhini, ikiondolewa ganda la udongo, huwa na vipele vidogo vilivyopangana uso mzima. Jaribio la sindano ya moto mliache, linatia tundu kwenye kitu cha babu.

Kulisugua wanaweza, kwa mkono na si kwa mashine, maana joto hulifanya linate na kujaza msasa. Msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1200, ndani ya beseni la maji baridi, dakika chache na kupumzika. Waache nusu yake bila kuguswa, kwa sababu vile vipele ndivyo vinavyoonyesha lilitoka ardhini. Baadaye lifungwe kitambaa cha pamba, liwekwe gizani, mbali na jua la dirishani, manukato na chetezo. Joto na spiriti hulitia nyufa nyembamba uso mzima, nazo haziondoki.